Mkono Unaoimba Usishike Sanduku

Mdogo wangu wa Lukafu, barua yako nimeisoma na maneno yako nimeyapokea. Unasema una miaka 19, unaimba katika korali ya parokia, Jumamosi unaitwa kwenye harusi, na sasa umeingiwa na wazo la kufanya tamasha la kumchangia mtoto wa jirani anayehitaji matibabu. Mambo yakienda vizuri unataka uendelee, uwaimbie na watoto wa barabarani. Halafu unaniuliza kwa woga kama ni dhambi kujilipa kidogo, kama matabishi, zile noti unazotupiwa jukwaani, ni yako au ya mgonjwa, na kama bei ya gauni jipya inaweza kukatwa kwenye makusanyo. Umeandika kana kwamba yaya wako, dada yako mkubwa, ameshika fimbo. Sina fimbo. Maswali hayo wanayo hata wakubwa wenye magari na majina, ila wao hawaulizi, na ndiyo maana wengine wao hawapiti tena kwenye mitaa fulani mchana.

Kaa basi, tuongee.

Moyo wako ni mzuri, na nalisema hili mapema ili nikianza kukukaripia usisahau. Wazee wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Wewe huna mgodi, huna duka, una koo tu, na umeamua kulitoa hilo. Mtu asikwambie kwamba ni mambo ya Wazungu. Miaka ya 1980, njaa ilipoiangamiza Ethiopia, Manu Dibango, yule Mkameruni aliyewahi kupiga na African Jazz ya Grand Kallé kule Kinshasa, aliwakusanya waimbaji wa Afrika, Ray Lema wa kwetu akiwemo, wakarekodi wimbo wa msaada, Tam Tam pour l'Éthiopie. Waafrika waliwaimbia Waafrika wenzao. Kwa hiyo njia unayotaka kuipita ina nyayo za watu wetu.

Lakini sikiliza. Siku ya kwanza utakapoimba kwa ajili ya mtoto yule, watu watalia. Mama mmoja atakukumbatia na kukuambia wewe ni malaika. Utarudi nyumbani usiku, utalala macho wazi, moyo unadunda kwa raha ambayo harusi haijawahi kukupa. Hapo ndipo naogopa. Usiku ule aliyependwa ni wewe, na mtoto yuko kwao na homa yake. Ukianza kuitamani raha ile kuliko dawa ya mtoto, hutajua ilianza saa ngapi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema mwenyewe hajioni akilitia. Sikusemi vibaya. Kupenda kusifiwa ni jambo la kila aliyewahi kushika kipaza sauti. Nakuomba tu ulijue kabla halijakujua wewe.

Sasa matabishi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wenu mnapochanganyikiwa, na wala si kosa lenu, ni desturi yenyewe ilivyo. Kwetu Kongo mwimbaji akipendeza hatupigi makofi tukaenda. Tunanyanyuka na noti, tunaibandika kwenye paji la uso, tunaitupa miguuni, tunaingia jukwaani tukicheza ili watu watuone tunatoa. Mwanamuziki anaishi kwa hiyo. Wengine wanaishi kwa mabanga, wanataja majina ya wenye pesa ndani ya wimbo na wanalipwa kwa kutaja. Sioni aibu yoyote. Hata mkubwa wetu Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya ambaye gitaa lake lilifika mbali tangu mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952, alipokwenda Nairobi aliimba matangazo ya dawa ya Aspro. Nani alimlaumu? Waliosikia walijua anasifia kidonge na amelipwa na wenye kidonge. Wimbo ulikuwa na kazi moja, na kazi ile ilikuwa wazi.

Balaa huanza kazi mbili zinapoingia ndani ya wimbo mmoja. Chukua Mama aliyekubandika franga elfu tano usoni wakati umefumba macho unaimba. Amekupa kwa ajili ya sauti yako, au kwa ajili ya mtoto? Ukimuuliza yeye mwenyewe pale pale atababaika. Kesho yake, akisikia umezitia mfukoni, atakuwa na uhakika kamili kwamba alimpa mtoto. Na wewe utakuwa na uhakika kamili kwamba alikupa wewe. Hakuna mwongo kati yenu, lakini mmeshakuwa maadui.

Kwa hiyo, kabla ya wimbo wa kwanza, kabla hata ya kupima kipaza sauti, utasimama na kusema kwa kinywa chako kwamba leo kila franga itakayotua hapa, iwe kwenye kapu, iwe usoni, iwe miguuni, ni ya mtoto. Sema kwa Kiswahili, rudia kwa Kifaransa kama kuna wakubwa, mshereheshaji arudie tena katikati, kwa sababu wapo watakaochelewa. Ukishasema, umejifunga, na kujifunga huko kutakusaidia zaidi ya wanavyosaidiwa waliokuja, kwani usiku utakapokuwa umechoka, noti zimejaa magoti yako, na moyo unanong'ona kwamba hii moja ya buluu hakuna aliyeiona, utakumbuka kwamba ulishasema mbele za watu.

Halafu pesa zenyewe usiziguse. Nimeandika hivyo na nitarudia mpaka unichukie. Mkono unaoimba usishike sanduku. Tafuta watu wawili wasio wa ukoo mmoja, wasio wachumba, wasio wanakorali waliokuja jana. Mmoja aokote, mwingine aandike. Wahesabu pale pale ukumbini, taa zikiwaka, watu wakiona, kisha jumla itangazwe kabla watu hawajaanza kutafuta viatu vyao. Franga kando, dola kando, zile dola chakavu ambazo hakuna duka litakalozipokea kando pia, maana zitakuwepo, tunajuana. Karatasi itiwe saini na wote wawili pamoja na mzazi wa mtoto. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata isipopotea, bila daftari itasemwa imepotea.

Unafikiri namwonea mtu mwaminifu? Tazama itakavyokuwa. Tamasha limepita vizuri, pesa zote umezipeleka. Majuma mawili baadaye unaimba harusi Kamalondo, unalipwa vizuri, halali yako, unanunua simu. Mdogo wangu, hapa Lubumbashi habari inavuka kutoka komini ya Kenya hadi ya Katuba kabla taksi haijajaza abiria. Watasema simu ile ni damu ya mtoto wa watu. Utaapa, utalia, utamwita mama yako awe shahidi, na kadiri unavyolia watazidi kuamini. Na kwa kuwa wewe ni msichana, wataongeza na mengine ambayo siyaandiki hapa. Siku hiyo hakuna wimbo utakaokuokoa. Karatasi ile yenye saini ndiyo itakayokuokoa, na ukiwa nayo hutahitaji hata kupandisha sauti.

Wala usidhani makaratasi yanawasumbua wanyonge tu. Mwaka 1971 vita na mateso ya Bangladesh vilipowafukuza mamilioni ya watu kukimbilia India, Ravi Shankar alimwendea rafiki yake George Harrison, yule wa Beatles, akamwomba msaada. Harrison alikuwa na miaka 28. Tarehe 1 Agosti wakafanya maonyesho mawili siku moja, New York, ukumbi wa Madison Square Garden, na pesa za mlangoni, karibu dola 250,000, zikaenda kwa watoto kupitia UNICEF. Hapo ni sawa. Lakini kulikuwa na sahani ya muziki ule, na filamu, ambazo ndizo zilizoingiza pesa nyingi zaidi. Kwa kuwa mambo ya kodi hayakuwekwa sawa mapema, fungu kubwa la pesa hizo likakwama kwenye ofisi ya kodi ya Marekani kwa miaka. Fikiria, watu wenye majina yale, wenye mawakili, wenye nia safi kabisa, na bado mkimbizi alisubiri kwa sababu ya fomu. Wewe wa Lukafu utasemaje kwamba karatasi tutazitengeneza baadaye?

Ndiyo maana naona usianzishe shirika lako. Najua limeshakuja kichwani, pengine jina unalo tayari na rafiki amekuchorea nembo. Liache. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu vyama visivyotafuta faida inataka katiba, wanachama, mkutano mkuu na hesabu, na mtu mmoja mwenye sauti nzuri si chama. Simama chini ya mwavuli uliokwisha kufunguliwa. Kwa mtoto wa jirani, mwavuli ni parokia yenu na hospitali anakotibiwa. Kwa watoto wa barabarani, Wasalesiani wa Don Bosco wana nyumba yao ya Bakanja hapa hapa mjini, wanawapokea watoto hao tangu wewe hujazaliwa. Nenda ukawaulize wanahitaji nini kabla hujaamua mwenyewe kwamba wanahitaji biskuti na picha. Huenda wakakuambia wanahitaji madaftari, au sabuni, au mtu wa kuja kila Alhamisi kufundisha nyimbo bila kamera. Hilo la mwisho likikukatisha tamaa kidogo, jiulize kwa nini.

Na namba ya simu ya kupokelea pesa, iwe M-Pesa, iwe Airtel Money au Orange Money, isiwe yako. Isiwe ya kaka yako. Iwe ya parokia, au kama hospitali inapokea kwa njia hiyo, iwe ya hospitali. Bora zaidi, pesa zilizohesabiwa zipelekwe kwenye dirisha la malipo la hospitali, mchukue risiti, na risiti isomwe kanisani Jumapili inayofuata. Mzazi wa mtoto asipewe bunda mkononi. Sisemi kwamba ni mwizi. Nasema ana watoto wengine wenye njaa, ana deni la kodi ya nyumba, na kumpa bunda la pesa ambazo haruhusiwi kulipia deni ni kumpa jaribu ambalo wewe mwenyewe hujui kama ungelishinda.

Bei ya kuingia, usiwaige wale wa kumbi za hoteli. Kule Goma walipoanzisha Tamasha la Amani mwaka 2014, baada ya kuahirisha mwaka uliotangulia kwa ajili ya vita, tikiti ilikuwa dola moja, na vijana wa mji ule, uliochoshwa na risasi, walijaa uwanjani. Nchini Kenya nako mwaka 2011, wakati wa ukame wa kule kaskazini, waliruhusu mtu achange hata shilingi 10 kwa M-Pesa, wakaweka lengo la shilingi milioni 500, na lengo likavukwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mama muuza makaa akitoa franga mia tano na kusikia jumla ikitangazwa, anajiona yumo ndani ya jumla ile. Huyo atarudi safari ijayo, na atakuja na shoga yake.

Umeuliza kama ni dhambi kujilipa. Si dhambi. Dhambi ni kujilipa gizani. Mpiga gitaa ana mke, wa ngoma anatoka Ruashi na hawezi kurudi kwa miguu saa nne usiku, sono, yaani vyombo vya kukuza sauti, inakodiwa, na umeme wa SNEL ukikatika katikati ya wimbo, kama unavyopenda kukatika, jenereta haiendeshwi kwa maombi. Andika gharama hizo mapema, mwonyeshe padri, zibandike mlangoni ikibidi. Nikushauri zaidi, anza kwa kuuliza nini unaweza kukiacha. Vijana wengi wanakodi sono ya kutikisa kata nzima, taa za rangi, mabango, kisha wanapohesabu wanakuta mgonjwa amebakiwa na pesa ya vidonge vya siku tatu. Wewe una korali. Sauti arobaini ndani ya kanisa hazihitaji sono. Fanya wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ukitaka uwanjani. Mvua ya Januari ya Lubumbashi haiheshimu mgonjwa. Ukibaki na gharama ya nauli na maji ya kunywa, hapo hata ukijitengea nauli yako mwenyewe hakuna atakayenung'unika, kwa sababu watu wameona kila kitu.

Sasa nije kwa lile ambalo hukuliuliza lakini nimeliona katikati ya mistari yako, uliposema kwamba nyumbani mambo ni magumu.

Mdogo wangu, kutapita usiku ambao kapu litajaa, na wewe utalipita jiko la mama yako ambalo halijapika bukari tangu asubuhi. Kaka yako amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mjomba atakuja, atakaa, atakohoa, atasema damu ni nzito kuliko maji, mtoto wa jirani anapata na sisi je? Utajisikia msaliti. Utajisikia mtu mbaya aliyewaonea huruma wageni akawaacha wa kwao. Sitakudanganya kwamba hisia hiyo inaondoka. Inauma, na inawauma zaidi wenye moyo mzuri, wale wengine hawasikii kitu.

Ila zungumza na mama yako kabla, tena peke yenu, siyo siku ya tamasha. Mwambie Jumamosi za harusi ni za nyumbani, na hizo utamletea mkononi. Siku ile moja ni ya mtoto. Mama akikubali mapema, ndiye atakayemjibu mjomba, na mjomba kwa mama yako hana ubavu. Ukimficha, ataungana na mjomba, na atakuwa na haki. Nimeona wasichana wakigombana na ukoo mzima kwa kitu ambacho kingemalizwa na mazungumzo ya robo saa wakati wa kuchambua mboga.

Na lipo lingine, la papa mwenye gari.

Atakuja. Kama si tamasha la kwanza, la pili. Atasema amevutiwa na kazi yako kwa wanyonge, atanunua tikiti hamsini peke yake, atalipia sono, na anaomba tu mkutane mahali patulivu mpange mambo. Atakutajia mtoto mgonjwa kuliko unavyomtaja wewe. Huo ndio mtego, mdogo wangu, kwamba ukikataa utajisikia umemnyima mtoto dawa. Sikiliza nikuambie kwa ukali. Mtu anayetaka kumsaidia mtoto ana njia ya kwenda hospitalini, na dirisha la malipo linafunguliwa asubuhi. Mpe namba ya parokia, mwambie padri atampokea, na kila mkutano utahudhuriwa na mama yako au mkubwa wa korali. Akiwa mtu mwema atacheka na kukubali, na atakuheshimu maradufu. Akinuna, amejibu. Na wewe usijilaumu kwa tikiti hamsini zilizopotea. Mtoto yule hakukutuma uuze kitu kingine zaidi ya wimbo, na siku moja akijua atasikitika.

Wapo pia wa makampuni, hasa ya madini, kwa kuwa huu ni mji wa shaba. Hao si wabaya kwa kuwa ni makampuni. Wakitaka kuchangia, wachangie. Lakini wakikuletea kitambaa kirefu chenye jina lao kikufunike wewe, korali na mtoto, kwa mchango ambao haulipi hata kitanda cha juma moja, kumbuka kwamba sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inawataka watenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa maeneo wanakochimba. Hilo ni deni lao, lina vikao vyake na daftari lake. Wasije wakaligeuza tamasha lako kuwa risiti ya deni hilo. Waambie kwa adabu kwamba jina lao litasomwa pamoja na majina ya wengine wote waliotoa, kwa utaratibu wa alfabeti. Utaona nani anabaki.

Kuhusu mtoto mwenyewe. Tafadhali, usimweke kwenye bango akiwa amelala uchi nusu, macho yametoka, mirija puani. Najua wanasema picha ya hivyo inaleta pesa. Inaleta, ndiyo. Lakini tunamwombea apone, sivyo? Akipona atarudi shule, na wenzake watakuwa na picha ile ndani ya simu za baba zao. Atakuwa kijana, ataposa, na mtu atamkumbusha. Mwombe mama yake ruhusa ya jina la kwanza tu, na kama ni picha, iwe ile aliyopigwa amevaa vizuri siku ya ubatizo. Kule Uganda, mwaka 1984, baada ya vita kuwaacha watoto wengi bila wazazi, Ray Barnett aliunda kwaya ya watoto, African Children's Choir, ikazunguka Amerika ya Kaskazini ikiimba, na michango ikalipia masomo. Waliokaa kwenye viti waliwaona watoto wamesimama, wamevaa vizuri, wanaimba kwa nguvu kuliko watu wazima. Huruma ya mtu aliyekwisha kuvutiwa na sauti hudumu. Ile ya kushtushwa na kidonda huisha akigeuza ukurasa.

Lipo pia ambalo watu hawapendi kulisema kabla ya tamasha. Itakuwaje mtoto akifariki kabla pesa hazijatumika? Au Mungu akajalia akapona haraka na pesa zikabaki? Usiseme ni kumtakia mabaya. Liandike kwenye karatasi ile ile, mbele ya mzazi, mapema, kwamba kilichobaki kitalipia wagonjwa wengine wa wodi hiyo wasio na uwezo, au mazishi, au mtakavyokubaliana. Jambo hili limewahi kuvunja jamaa na majirani waliokuwa wakila sahani moja, kwa sababu msiba ulifika, pesa zikawa mezani, na kila mmoja akawa na wazo lake. Na mtoto akifariki, utalia kama uliyefiwa na mdogo wako, utasema ungefanya tamasha juma moja mapema angepona. Hapana. Wewe ulikuwa mwimbaji, hukuwa daktari. Imba kwenye mazishi, kisha kaa kimya kwa muda. Usitangaze tamasha jingine siku arobaini hazijaisha.

Kisha, ukishafanikiwa, wataanza kuja wote. Kila kata ina mgonjwa, kila parokia inajenga paa, kila yatima ana shangazi anayejua namba yako. Watakuambia ulimwimbia yule, mbona wetu humwimbii? Ngoma ikilia sana hupasuka, na koo halina fundi wa kulishona. Una miaka 19, kama hujamaliza shule, mtihani wa Serikali mwaka huu unakungoja, na najua hukuutaja katika barua kwa sababu hutaki niulize. Nauliza. Chagua mara moja kwa mwaka, mbili zikizidi, na nyingine zote jibu kwamba utakuja kuimba na korali ikiwa parokia imekuomba. Kukataa kutakuumiza mara ya kwanza. Mara ya tatu kutakuumiza kidogo. Na wale unaowakatalia leo, waonyeshe ile karatasi yenye saini na risiti, wafundishe wafanye wenyewe kwa korali yao. Mjini hapa hakuna kata isiyo na sauti.

Bado mambo mawili madogo. Padri wenu akisema ukumbi ni bure lakini anataka hotuba ya dakika arobaini katikati, mkubalie kumi. Ofisi ya komini ipelekewe barua mapema, nakala mbili, moja irudi na muhuri, ili siku hiyo asije mtu amevaa sare akakuuliza maswali yanayojibiwa kwa noti.

Nimebakiza gauni. Ulifikiri nimesahau. Umeniandikia kwamba ukipanda na nguo ya zamani watu watakudharau na hawatatoa, kwa hiyo gauni ni gharama ya kazi kama jenereta. Umejenga hoja vizuri, karibu unipate. Lakini jenereta ikishazimwa inarudi kwa mwenyewe, na gauni linabaki kwako, litakwenda nawe harusi ya Agosti na ya Desemba. Kwa hiyo lilipie kwa pesa za harusi, au azima kitenge cha mama, kile cha kijani anachokificha chini ya sanduku. Nauli ya wapiga vyombo ikatwe. Maji yakatwe. Mafuta ya jenereta yakatwe, na risiti yake iwekwe. Vipodozi, hapana, na kusuka nywele, hapana, hata kama msusi ni rafiki yako na amekupunguzia.